Bunduki Tano za Baba

Baba yetu, Mzee Absalom Ondiek, alizikwa Jumamosi nyumbani kwetu Kombewa. Watu walimsifu kwa mengi: uzee wake wa kanisa, kisima alichowachimbia majirani, miaka yake katika polisi. Hakuna aliyezitaja bunduki. Nimeona niandike mimi Elsie, binti yake wa kwanza, kwa sababu nilizijua, na kwa sababu ni mimi niliyeziharibu.

Baba hakuwa askari wa kukimbizana na wezi. Alikuwa fundi wa silaha. Alikaa nyuma ya meza na kutengeneza bunduki za wenzake zilizogoma. Mwaka mmoja alitumwa upande wa Awasi kukagua silaha za klabu ya zamani ya shabaha ya wazungu wa mashamba ya miwa, iliyokuwa ikifungwa. Huko ndiko alikoiona ya kwanza: bunduki nyembamba ya Kijerumani, ya risasi moja moja, ya miaka ya kati ya vita viwili vikuu. Alitueleza mara nyingi kwamba Wajerumani, baada ya kushindwa vita vya kwanza, walizuiwa kuunda silaha nyingi za kivita. Basi mafundi wao hodari wakaweka akili yao yote katika hizi ndogo za kulenga shabaha.

"Hii haikutengenezwa iue mtu," alikuwa akisema. "Ilitengenezwa itoboe karatasi. Lakini iangalie kazi yake!"

Aliinunua kwa leseni, na alipostaafu akaanza kutafuta dada zake, yaani nyingine za aina ile. Katika miaka ishirini na sita alifikisha tano tu, pamoja na ile ya kwanza. Kwa moja alisubiri kibali miaka sita, akienda Nairobi na kurudi, mpaka Mama akamwambia, "Hata mimi hukunifuatilia hivyo."

"Wewe hukuwa na karatasi nyingi, Dorca," Baba akajibu. "Mzee wenu alitaka ng'ombe tu."

Hakuwahi kumlenga hata ndege. Hewa ya ziwa inakula chuma, kwa hiyo kila Jumamosi alifungua sanduku la chuma, akatandika shuka juu ya meza, akazipangusa moja moja kwa kitambaa laini na tone la mafuta. Zaidi ya hapo hakugusa kitu. Mchungaji Walubengo alimtania, "Mzee, wewe ukisimama kutangaza harambee, nani atathubutu kukataa?" Baba alicheka hadi akakohoa.

Kila bunduki ilikuwa na alama zake. Muhuri wa kiwanda, namba ya klabu iliyochongwa kwenye kitako, mahali ambapo shavu la mtu wa zamani lililala miaka mingi hadi mbao ikaiva rangi. Baba alizisoma kama mtu anavyosoma Zaburi. Mimi niliona mbao kuukuu yenye mikwaruzo.

Figo zilipoanza kumsumbua, aliandikia jumba moja la makumbusho Nairobi, maana leseni hufa na mwenyewe. Walimjibu kwamba watamtuma mtaalamu, Bi Nabututu. Akiridhika kuwa ni za asili, wangezichukua zote tano na kuziweka pamoja, na jina la Baba chini yake. Hospitalini alinishika mkono. "Elsie, zisitenganishwe. Na zisiende kuyeyushwa." Nikamwahidi mbele za Mungu. Siku tatu baadaye akatutoka, Bi Nabututu akiwa bado hajafika.

Kesho yake alikuja Inspekta Wesonga, ambaye Baba alimfundisha kazi. Alilia kwanza, kisha akafanya wajibu wake. Alitoa makomeo ya zile bunduki, kile kipande ambacho bila hicho bunduki hailii, akayafunga kwenye bahasha.

"Mama, zikae hapa hadi mmzike Mzee," alimwambia Mama. "Jumatatu nakuja. Makumbusho wakizikubali, nitaandika barua. Wakizikataa, sina njia. Zinaenda kuharibiwa pamoja na zile za wahalifu."

Sasa, kwetu mwili haurudi kwenye boma lenye aibu. Wiki hiyo nyumba ilipakwa rangi, choo kikapata mlango mpya, viti vikapigwa misumari. Fundi Ouma alikuwa nyuma ya nyumba akipaka jeneza vanishi, na lilikuwa likipendeza kweli. Nilisimama pale nikawaza: mgeni wa Nairobi atafungua sanduku na kukuta vitu vichakavu hivi? Atasema hatukumjali baba yetu?

Nikamwomba Mama ufunguo.

"Baba yako alitumia kitambaa tu," Mama alisema.

"Mama, kila kitu hapa kimefanywa kipya. Hizi peke yake ndizo zibaki hivyo?"

Alikuwa amechoka kwa kulia. Akanipa. Fundi Ouma alizipokea kwa mikono miwili. "Dada, zitang'aa hadi huyo mgeni ajione uso!" Akazipiga msasa, akaondoa kutu na weusi kwa brashi ya waya, akapaka vanishi mara mbili. Alikataa malipo. Kaka yangu Frankline alizitazama zikiwa zimeegemezwa ukutani, akasema Mzee angefurahi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa wazo lile.

Jumatatu Bi Nabututu alifika saa nne, mama mpole mwenye miwani, akatupa pole kwa heshima zote. Wesonga alikuwepo. Nilifungua sanduku mwenyewe. Aliinua ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Akachukua ya pili. Alipofika ya tano alikuwa ameacha kuandika.

"Katika barua Mzee alinitajia namba za klabu," alisema. "Zilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Palikuwa laini kama meza mpya.

"Na muhuri wa kiwanda?"

Nikagusa pale ulipokuwa, chuma kitupu kinachong'aa. Kisha nikasema, "Ni mimi. Nilitaka mzikute safi."

Alivua miwani. "Dada yangu, uchafu ule ndio niliokuja kuuona. Sasa siwezi kuthibitisha ni za nani wala zilitoka wapi. Wakubwa wangu hawatazipokea. Nisamehe."

Niliuliza kama kuna dawa ya kurudisha. Akatikisa kichwa. Nilimgeukia Wesonga. "Inspekta, nipe hata mwezi mmoja."

"Elsie, leseni ilikuwa ya Mzee. Mzee hayupo."

Alizibeba hadi kwenye gari, mbili, kisha mbili, kisha moja. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri, ikawa inamnata vidoleni, akawa anajipangusa kwenye suruali ya kazi. Mama alitia sahihi fomu polepole.

Sijaweza kuomba sala nzima tangu siku ile. Najua Bwana husamehe, nimefundishwa hivyo tangu Shule ya Jumapili. Lakini ahadi niliitoa kwa Baba pia, na Baba hawezi tena kuniambia neno. Gari lilipotoka langoni nilipiga magoti pale kwenye majani, na Mama akaja akasimama kando yangu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Wanaziyeyusha siku gani?" Nikamwambia sijui, Wesonga hakusema.