Kipengele cha Sita

Niliisikia sauti ya mama mkubwa kwenye spika ya bodaboda pale Chiungutwa, muhogo wa kuchoma mkononi. Aliimba, akakohoa kile kikohozi chake, akaendelea. Vijana watatu walikuwa juu ya pikipiki zao wanacheka mpaka wanapigana vibao vya mgongo. Wimbo wenyewe wa unyago! Ule mwanamume hausikii, hata awe mumeo wa ndoa. Kisha ikaingia sauti nyingine, inafafanua kwa Kiswahili kila fumbo lililomo, tena kwa madaha. Ilikuwa sauti yangu. Muhogo niliutupa.

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu, na ni kungwi pale Chilangala tangu sijazaliwa. Mimi unyagoni alinicheza yeye. Binti yangu wa kwanza alimcheza yeye, na wa mwisho alikuwa anangoja likizo ya Desemba ili naye achezwe. Mimi ni mwalimu, Kimakonde nimekinyonya, kwa hiyo alipokuja dada mmoja wa chuo kikuu anayetafiti nyimbo zetu, watu walimwelekeza kwangu nimsaidie kutafsiri. Wala si mzungu, jamani. Mtoto wa nchi hii hii, akiamkia anapiga goti. Alikula ugali wangu wiki mbili, tukabangua korosho pamoja, nikampenda kama mdogo wangu.

Mama mkubwa alikataa kurekodiwa mara mbili. Mara ya tatu alinigeukia mimi.

"Haya mambo yatakwenda wapi?"

"Yatatunzwa chuoni, mama. Watasoma wanawake wenzetu."

"Wewe umesema?"

"Nimesema."

Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

Sasa siku ile ya Chiungutwa nilimpigia yule mtafiti palepale barabarani. Nilimfokea mpaka wauza nyanya wakasimama. Aliningoja nimalize.

"Dada, siku hizi utafiti haufungiwi kabatini. Zamani tulichukua maneno ya watu wetu, tukayaweka kwenye majarida ambayo hata sisi wenyewe hatuwezi kuyanunua. Sasa tunaweka wazi mtandaoni, kila mtu asome na asikilize bure."

"Kila mtu? Hata wanaume?"

"Kila mtu. Ilikuwemo kwenye fomu, kipengele cha sita. Wewe ndiye uliyemsomea."

Nakala yangu niliipata chini ya madaftari ya wanafunzi. Kipo. Rekodi zitawekwa wazi kwa umma. Nakumbuka siku ile jua lilikuwa linachoma, fomu ina kurasa nne, na mimi nina mboga jikoni. Nilipofika hapo nilisema tu, "Na yatatunzwa vizuri," nikafunua ukurasa. Lakini na yule mtafiti alikuwa amekaa mkekani, bega kwa bega na mimi! Kimakonde hakijui, sawa. Kurasa nne zimekwisha kwa sentensi tano, msomi mzima hakuona? Aliona. Alikuwa anautaka wimbo, akanyamaza. Wallahi simsamehe.

Rekodi aliiondoa baada ya siku tatu. Ya nini? Ilishahamia kwenye simu za watu, kutoka Newala mpaka Masasi.

Desemba ilipofika, wanawake walipita mbele ya nyumba ya mama mkubwa wakienda kumwita kungwi mwingine. Walimwamkia, wakapita. Hakuna aliyeingia.

Nilikwenda mimi. Nilimkuta anapepeta mtama. Shikamoo yangu aliipokea, nami nikaanza kumwaga hasira zangu: yule mtafiti ni nyoka, ametuuza, amekula kwetu na kututia aibu. Hakuniinulia uso mpaka niliponyamaza.

"Yule mgeni simlaumu," alisema. "Yeye sikumwuliza kitu. Nilikuuliza wewe."

Nikaitoa ile fomu mkobani, nikaanza kumsomea kipengele cha sita, neno kwa neno kwa Kimakonde, nilivyopaswa kumsomea tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudia ungo wake.

"Na mwanao," akasema, "mtafutie kungwi mwingine."