Siku Shangazi Alipoingia Msituni

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa sita, mwanangu, nimechuchumaa msituni nyuma ya Vällingby, pembezoni mwa Stockholm, na daftari mkononi, nikaandika mstari ambao mpaka leo nikiusoma huona aibu: "Mnyama mkubwa, rangi ya kahawia, chini ya msonobari. Hatikisiki."

Daftari hilo ninalo bado, na mstari huo sikuufuta. Lakini tuanze mwanzo, maana habari isiyo na mwanzo ni uvumi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mchana nilisafisha ndege za abiria uwanjani kule Märsta, jioni nilisoma shule ya watu wazima. Niliishi Hagsätra kwa Shangazi Spesioza, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu Burundi. Mwalimu wetu akataka kila mmoja aandike juu ya mtu mmoja mwenye fikra. Mimi nikamchagua Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa mtengeneza penseli, aliyejijengea kibanda kando ya ziwa akaishi humo miaka miwili na ushei. Alilima maharagwe, akapima kina cha ziwa, akaandika siku barafu ilipoyeyuka na ndege walipoanza kurudi. Aliamini kwamba mahitaji ya kweli ya mtu ni machache, na kwamba wengi wetu tunachoshwa na yasiyo ya lazima.

Fikra hizo ziliniingia kama pombe kwenye tumbo la mtu aliyefunga. Ukishinda kutwa ukiokota makombo ya watu wanaokwenda kustarehe, utaelewa.

Mzee mmoja wa Kiswidi, mwenzangu kazini, alikuwa na kibanda chekundu cha mbao karibu na maji, akaniazima kwa majira ya joto. Nikasimama mlangoni mwa jiko, kifua mbele. "Shangazi, nakwenda kuishi msituni, kule nyuma ya Vällingby."

Alikuwa anakata lengalenga, mchicha wa kwetu. Kisu kikasimama.

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna. Nakwenda kwa kupenda."

"Ni karatasi? Wamekunyima karatasi za kukaa nchini?"

"Karatasi ziko sawa, Shangazi. Ni kitabu nimesoma."

Aliingia chumbani, akatoka na blanketi jeusi, kiberiti, na chumvi iliyofungwa kwenye nailoni. Akanong'ona, "Usiwashe moto mchana. Moshi huonekana mbali."

Nikacheka, mwanangu. "Shangazi, hii ni Stockholm! Huko watu wanachoma soseji!" Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Balaa langu ni kwamba hicho nilikuwa nimekilalia, nikasahau.

Tulikubaliana kila Alhamisi nipeleke nguo chafu na kuchukua safi. Unajua chumba cha kufulia cha majengo yetu ni cha zamu. Zamu ya Shangazi ilikuwa Jumatano, na hakuwahi kuikosa. Basi mimi, mpenda upweke, nikawa napanda treni na mfuko wa soksi chafu, nikila wali wake, nikimsimulia Mmarekani wangu na maharagwe yake, nikirudi msituni kuwaza juu ya kujitegemea. Cheka tu, una haki.

Wiki ya tatu nikataka kumpita hata Mmarekani wangu. Nikazima simu. Alhamisi ikafika, sikwenda, sikusema.

Ijumaa nikatoka na daftari kutazama ndege. Nikasikia tawi likivunjika, kisha kimya. Nikaona kitu cha kahawia chini ya msonobari ambao matawi yake yanagusa ardhi. Nikaandika ule mstari. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikidhani nimeona mtoto wa kongoni wa huku, yule mnyama mwenye pembe pana wa misitu ya Uswidi.

Mnyama akainua kichwa. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Shangazi?"

Kiatu kimoja hakipo. Mikono imechanwa na miiba, matope hadi magotini. Pembeni yake mfuko wa nguo zangu, zimekunjwa, hazina hata doa. Kabla sijasema neno la pili alinishika ukosi, akanivuta chini ya matawi, akanifunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka sabuni ya kufulia. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni mwangu. Mtu akapita njiani na mbwa wake, anapiga mluzi, akaenda zake. Alipotoweka kabisa ndipo Shangazi akaniachia.

"Umekua," akasema. "Zamani kiganja hiki kilikuziba uso mzima."

Nilijua tulikimbia vita nikiwa na miaka minne. Sikukumbuka kwamba tulilala wiki kadhaa porini, mimi mgongoni mwake, na kila aliposikia nyayo alinizuia kulia kwa mkono ule ule. Hakuwahi kuniambia. Nami, bingwa wa kuandika ndege, sikuwahi kuandika kwamba kila asubuhi Shangazi alizunguka njia ndefu kwenda kituoni ili asikatize vichaka vya nyuma ya jengo letu. Nilidhani anaogopa tope. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwanamke huyu alikuwa ameshinda kutwa ndani ya unyasi, amepotea, akinitafuta.

Tukakaa kizingitini mwa kibanda, mguu wake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Nimepiga simu mara kumi na moja," akasema. "Nikajua wamekukuta." Akageuza mguu ndani ya beseni. "Huyo Mmarekani wako, alikimbia nini?"

"Hakukimbia. Alitaka kujua maisha."

"Kwa mama yake palikuwa mbali?"

"Mwendo wa nusu saa hivi, kwa miguu."

"Alikwenda kula?"

"Mara nyingi."

"Na wageni?"

"Walimtembelea." Kisha nikakumbuka sura ya kitabu niliyoipitia haraka kwa sababu haikuwa na ziwa. "Na watumwa waliotoroka, Shangazi. Kwao waliwaficha, yeye akawasindikiza hadi kwenye garimoshi, wavuke mpaka. Alikataa hata kodi ya serikali iliyolinda utumwa, wakamfunga usiku mmoja."

Shangazi akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Weye! Mtu alificha wakimbizi, na weye ukaniletea maharagwe yake?"

Nikamwongezea maji ya moto kwenye beseni.

"Sikukatazi msitu," akasema polepole. "Ni mzuri, nimeuona leo nikiwa natetemeka. Lakini anayejua msitu haingii bila kumwambia mtu atatoka lini."

Tulirudi Hagsätra kwa treni moja, yeye amevaa viatu vyangu, mimi pekupeku. Chini ya ule mstari niliandika jina lake.

Mimi si mzee wa mkongojo, lakini juzi mmoja wenu ninyi vijana alinijibu kwa Kiswidi kwamba anataka kuachwa peke yake, nikaona nisinyamaze. Upweke si dhambi, mwanangu. Mtu huyajua mengi akitulia. Ila ukimpenda mwenye hekima, mpende mzima, usichague ziwa lake ukaacha watu wake. Kabla ya kusifia pori, muulize aliyekulea alilionaje. Na ukijitenga, sema unakwenda wapi, uache simu ikiwa wazi, kwa kuwa yupo atakayeingia mahali anapopaogopa kuliko kifo ili akuletee nguo safi.

Mungu akupe macho ya kuona ndege na watu pia. Popote utakapokwenda, upatikane, na mkono utakaokutafuta ukukute mzima.