Uzi wa Shilingi Mbili

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa nikiuza mafuta ya taa Kilwa Kivinje, katika duka la Mshihiri, Mwarabu mmoja mnene aliyependa usingizi. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kutoka Kivinje mpaka Lindi mjini hapakuwa na muuzaji wa mafuta aliye sahihi kuliko mimi. Huenda ilikuwa kweli, maana hakuna mwingine aliyekuwa akiigombea sifa hiyo.

Shule sikwenda. Kurani nilihitimu chuoni kama watoto wote wa mtaani kwetu, lakini hesabu nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari na kwa kitabu kimoja cha hesabu za duka kilichokwisha kuchanwa kurasa za mwanzo. Zile kurasa zilinikosesha raha miaka mingi. Nilikuwa na hakika kwamba jambo kubwa kuliko yote liliandikwa humo, na kwamba kila mtu duniani amelisoma isipokuwa mimi. Mtu aliyefundishwa na mwalimu akikosea humlaumu mwalimu. Mimi nikikosea, mwalimu na mwanafunzi wanaona haya kwa pamoja. Kwa hiyo nilikuwa nahesabu. Nilihesabu vizibo, nilihesabu misumari ya ukutani, na siku moja nilijikuta nahesabu mikoromo ya tajiri wangu akiwa amelala juu ya gunia la mchele.

Sasa lazima nieleze jinsi mafuta yalivyolipiwa, kwa sababu ndipo nilipojiharibia.

Zama zile za Mwingereza senti kumi ilikuwa na tundu katikati. Watu wa mashamba walizitunga senti zao kwenye uzi kama shanga, wakazivaa shingoni au kuzifunga kiunoni. Senti ishirini za namna hiyo zilifanya shilingi mbili, na shilingi mbili dukani kwetu zilikuwa chupa tano za mafuta. Mteja aliuweka uzi juu ya meza. Hakukupa mkononi, kwa kuwa mkono wa muuza mafuta unanuka mpaka Idi ya pili. Nawe uliuchukua ukautundika kwenye msumari ulio nyuma yako, basi. Hukuufungua wala hukuuhesabu. Na kwa kuwa huhesabu, mteja muungwana alitunga senti ishirini na moja. Ile ya zaidi haikutajwa. Wewe nawe, ukishamaliza chupa ya tano, ulikirudisha chombo chake chini ya bomba ukamwagia kidogo tena, huku ukiangalia pembeni kama mtu aliyeona mbuzi wa jirani. Kila mmoja alimzidishia mwenzake, na kila mmoja alijifanya hakuona.

Mshihiri alinifundisha haya siku ya kwanza, akiwa amefumba jicho moja.

"Mwanangu, uzi wa mtu usiufungue mbele ya macho yake. Wanaofungua uzi wa mtu mbele yake ni wawili tu: karani wa kodi na mwizi."

"Na akinipunja, bwana?"

"Akikupunja, mafuta ni yangu, si yako. Niache nilale."

Nilimtii. Nikakaa mwaka mzima natundika nyuzi bila kufungua, kisha mteja akigeuka tu kona nazishusha nazihesabu nikiwa nimechuchumaa chini ya meza, natoka jasho kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Mwaka wa pili nikampenda msichana mmoja. Alikuwa akikaa kwa mama yake mkubwa, nyumba ya tatu kutoka dukani, na kila Alhamisi alikuja kununua nusu chupa. Tuliongea kwa jumla kama maneno arobaini. Najua yalikuwa arobaini. Siku moja alinitazama nikipima nusu chupa yake kwa jicho lililolingana na mstari, pumzi nimeibana, akasema, "Kaka, hayo ni mafuta, si dawa ya macho." Nikaenda kwa fundi cherehani jirani yangu nikamwomba awe mshenga.

Fundi alikwenda na barua ya posa kwa mama mkubwa. Akarudi na jibu: mama mkubwa hana neno, lakini kwa watu wale mwenye kauli ya mwisho ni mjomba, naye anakaa Kiranjeranje, analima. Bila ya mjomba hakuna ndoa. Baada ya wiki mbili fundi akaja tena, anacheka huku mdomo umejaa pini.

"Jumatatu anakuja kukutazama. Atajifanya mnunuzi. Wewe jifanye humjui."

"Atatoka Kiranjeranje kuja kununua mafuta ya taa Kivinje?"

"Ndiyo. Nawe utaona jambo la kawaida kabisa. Nakusihi, ndugu yangu, uwe mtu wa kawaida kwa robo saa. Unaweza?"

Nilisema naweza. Siku tatu zilizofuata nilizitumia kujifunza kuwa mtu wa kawaida. Nilisugua mikono kwa mchanga na limau mpaka ikachubuka. Nilisafisha faneli kwa majivu. Nilifanya mazoezi ya kusema "karibu" kwa namna nne, nikachagua ya tatu. Na usiku nikiwaza, wazo moja likanijia, nami nikaliona ni la busara kupita yote: huyu mzee anakuja kuangalia kama mimi ni mwaminifu. Uaminifu ataujuaje nikitundika uzi bila kuutazama, kama afanyavyo mlevi yeyote? Lazima aone kwa macho.

Nasema kweli, nililala vizuri.

Jumatatu akaja. Mtu mrefu, mkavu, kanzu safi, kofia ya vito, na dumu jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani. Mbele yake walikuwapo wanawake watatu, nyuma wawili, na wote watano walijua yeye ni nani na amefuata nini. Kivinje ndivyo ilivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna mafuta?"

Nilikuwa nimesimama kando ya pipa la mafuta, chini ya mikungu ya chupa za mafuta, nimeloa mafuta. "Yapo," nikasema.

"Nipimie chupa tano."

Nikapima. Sijapata kupima vile tena. Kila chupa niliinua mpaka usawa wa macho, nikangoja povu lishuke, na chupa ya nne ilipozidi mstari kwa matone mawili, niliyarudisha matone yale mawili ndani ya pipa. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma akivuta pumzi. Nilidhani amestaajabia ufundi.

Mzee akauweka uzi juu ya meza. Uzi mzuri, wa katani iliyosokotwa, senti zimesuguliwa zinang'aa. Nikauchukua. Nikafungua fundo.

Mikoromo ya Mshihiri ikakatika.

Nikazimimina senti mezani nikazipanga tano tano, kwa sauti, "tano, kumi, kumi na tano, ishirini," na ikabaki moja. Nikaishika ile moja kwa vidole viwili nikamsogezea mzee, nikatabasamu, nikasema maneno niliyokuwa nimeyatayarisha endapo Mungu atanipa bahati kama hiyo.

"Mzee wangu, umekosea hesabu. Hapa kwetu haki ya mtu hairukwi hata senti."

Mwanamke wa mbele alikuwa mpishi wa maandazi mwenye ulimi uliojulikana mpaka Masoko. Akapiga makofi mara moja.

"Haya, baba! Karani wa kodi kaja, na stakabadhi iko wapi?"

"Mwenzangu usicheke," akasema mwingine, "kesho atatuhesabu meno."

Mzee hakucheka. Aliitazama ile senti, akanitazama mimi, akautazama uzi wake mtupu uliojikunja mezani kama mnyoo. Kisha, polepole sana, mbele yetu sote, akaokota ile senti moja, akaitunga kwenye uzi ule mrefu peke yake, akafunga fundo, akauvaa shingoni. Akachukua dumu. Wala sikumwongezea lile tone la mwisho, kwa sababu nilikuwa bado nangoja anisifu.

"Ahsante, karani," akasema, akaondoka.

Mshihiri aliinuka kwenye gunia. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama punda aliyetumbukia kisimani.

"Yule ndiye mjomba?"

"Ndiye, bwana."

"Innalillahi," akasema, akalala tena.

Jibu lililetwa na fundi siku ya tatu. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. "Mjomba anasema hivi, nami nakunukulia alivyosema: hawezi kumwoza mtoto wake kwa mtu atakayehesabu vipande vya samaki sahanini mwa mgeni."

Alhamisi msichana alikuja kwa nusu chupa yake. Aliweka senti zake mbili za tundu mezani, nami nikaogopa hata kuzigusa.

"Chukua," akasema. "Au unataka mashahidi?"

"Nilitaka aone kuwa mimi ni mwaminifu."

"Ameona. Ila umemfanya yeye mwizi mbele ya muuza maandazi." Akachukua chupa yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Mjomba hasikii maneno ya kutumwa. Mwenye mdomo ameumbiwa na miguu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa siku moja. Nilimwomba Mshihiri ruhusa. "Nenda," akasema. "Hata mimi nitapumzika."

Nilipanda lori la kwenda Lindi, juu ya magunia ya chumvi, na njia nzima nilikariri hotuba ya kuomba radhi. Ilikuwa na sehemu tatu. Nilipofika Kiranjeranje nilimkuta mzee barazani kwake anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitika. Nikaanza sehemu ya kwanza.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, mzee, lakini kwanza nilitaka kusema kwamba..."

"Mama," akamwita mkewe aliyekuwa ndani, "mgeni hajala."

Nikala. Nikarudi kwenye sehemu ya kwanza. Akasema, "Kanawe mikono." Nikanawa. Nilipoanza mara ya tatu, alinyoosha mpini aliokuwa akichonga akautia kwenye jembe, akaligonga chini mara mbili, akanipa.

"Unajua kulima?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Kwetu mwenye kuposa hulima kwanza. Ufuta wangu una magugu. Kaa mpaka yaishe."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema atanioza. Nilikaa.

Naomba nikiri kwamba sijawahi kuteseka vile. Si kwa jua, wala kwa malengelenge, ingawa mikono yangu ilikuwa kama maboga yaliyopasuka. Niliteseka kwa sababu mzee hakuja shambani. Kila jioni nilirudi nikiwa nimepalilia mistari iliyonyooka kama rula, nikiwa na hamu ya kumwonyesha, naye aliuliza neno moja tu.

"Umelima?"

"Nimelima, mjomba. Mistari kumi na minne, na ule wa..."

"Haya. Njoo ule."

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya tano hivyo. Kazi isiyokaguliwa kwangu ilikuwa kama kazi isiyofanywa. Nilijiona nimepotea tena ndani ya zile kurasa zilizochanwa. Nilimkaribisha shambani kwa kila hila. Nilimwambia nimeona nyayo za nguruwe. Akasema nguruwe wapo. Nilimwambia sijui kama huu ni ufuta au gugu. Akasema ufuta ni ule unaotaka kufa.

Siku ya tisa nikafanya jambo ninaloona haya kuliandika. Niliiacha mistari mitatu bila kuipalilia, kwa makusudi, ile ya kando ya njia ya msikitini, magugu yakisimama wima kama askari. Nilitaka nione kama atasema. Jioni akauliza.

"Umelima?"

"Nimelima, mjomba."

"Haya. Njoo ule."

Siku ya kumi vilevile. Alipita pale kwenda kuswali na kurudi, nami nilimwona kwa macho yangu akinyanyua kanzu ili isishikwe na magugu yenyewe. Jioni chakula kilikuwa muhogo na kisamvu. Nikarudisha tonge sahanini.

"Mjomba, nimekudanganya. Mistari mitatu sikuigusa."

"Najua. Imeninasia kanzu."

"Mbona hukusema?"

Alitafuna mpaka akamaliza. "Ulisema umelima. Ningekwambia nini mbele ya mke wangu? Kuwa mkwe wangu mwongo?"

Mkewe aliinamisha uso kwenye sahani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi nilisikia neno moja tu kati ya yote aliyosema, na nililisikia baadaye kidogo, kama mtu anavyosikia maumivu ya kidole baada ya nyundo.

"Mkwe?" nikasema.

"Ijumaa mlete yule fundi wako," akasema. "Na aje bila pini, nisikie anachosema. Ile mistari utaimaliza kesho?"

Jua lilikuwa bado juu ya minazi, limebaki kiasi cha mtu kupalilia mistari miwili, pengine mitatu akikaza. Nikasimama nikachukua jembe. Nilipokuwa nakata kona ya nyumba nilimsikia mzee akimwambia mkewe alifunike lile bakuli la kisamvu vizuri, kwa kuwa huyu mwendawazimu waliyempata atachelewa kurudi.