Mpelelezi wa Chumba cha Pasi

Hospitalini walimwita Inspekta, na wengi walidhani ni kwa ukali wake. Kumbe jina alipewa na kaka yake utotoni, enzi walipogawana kitanda kimoja na kitabu kimoja. Vilikuwa vitabu vya upelelezi vilivyochakaa, vya kuazima kwa fundi viatu aliyevipanga sandukuni pamoja na soli kuukuu. Kaka alisoma haraka. Dada alimshika mkono asifunue ukurasa kabla yeye hajafika chini.

Kaka alimpenda Kachero Sindano, mwembamba, mwenye koti moja mwaka mzima. Dada alimpenda karani wa Sindano, mwanamke asiyetajwa hata jina, aliyekaa nyuma ya taipureta na kuona kila kitu: tope kwenye kiatu, kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Sifa zilikwenda kwa Sindano, karani akabaki na kazi ya kuchapa ripoti.

"Bila yule mama, Sindano asingeiona hata pua yake," dada alisema siku moja. Kaka alicheka mpaka akaporomoka kitandani, na tangu hapo akamwita Inspekta.

Walikua. Kaka akawa fundi bomba, akaoa, akapata mabinti wawili. Yeye akaajiriwa kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka asubuhi, mashuka jioni. Hakuolewa, alitania kwamba kila aliyekuja kumposa alikuwa na jambo analoficha.

Miaka minne iliyopita, siku ya Jumanne, kaka alibeba mfuko wake wa vifaa akaenda kuziba bomba lililopasuka kwenye nyumba ya ghorofa nyuma ya soko. Hakurudi.

Polisi waliandika maelezo. Ofisa aliuliza kama alikuwa mlevi, kama alikuwa na mwanamke wa nje, kisha akasema watu wazima huondoka na hurudi wenyewe. Inspekta alisubiri wiki mbili. Halafu akanunua daftari, akaomba likizo, akaingia kazini mwenyewe.

Pa kuanzia alipajua. Mwenye nyumba alimwonyesha bomba, limezibwa vizuri, halivuji hata tone. Alisema fundi alimaliza saa tano, akanawa mikono, akaaga. Muuza magazeti alimwona akivuka barabara na mfuko begani. Kinyozi, hatua thelathini mbele, akaapa kwamba hakuwa na mfuko wowote. Inspekta akapiga mstari mwekundu. Vitabuni, mashahidi wakipishana, mmoja anaficha kitu. Alimrudia kinyozi mara tatu, mpaka yule mzee akaweka mashine chini.

"Mwanangu," alimwambia kwa upole, "mimi huona watu mia mbili kwa siku. Pengine hata siye niliyemwona."

Hapakuwa na mwongo. Walisahau tu, na kila wiki wakazidi kusahau.

Kila Jumatatu kabla ya zamu alishuka chumba cha maiti kuuliza. Mwanzoni mhudumu alimfungulia daftari la waliopokelewa. Baadaye akawa anatikisa kichwa akimwona tu mlangoni.

Mwaka wa tatu wifi yake alimwita nyumbani. Alikuwa amepata mtu, mgane mwenye duka la rangi, na wangehamia mji mwingine. Inspekta alimsikiliza, kisha akafungua daftari. Wifi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Funga hilo, wifi."

"Kuna dereva mmoja bado sijamuuliza."

"Kila ukija nalo, watoto hukaa dirishani siku tatu. Mimi nguvu za kumsubiri zimeniishia. Njoo wakati wowote, lakini hilo daftari usije nalo."

Alilifunga. Siku ya kuhama, mabinti walimkumbatia shangazi yao, yule mkubwa kwa harakaharaka, kama anayekimbia mvua.

Alijaribu kurudi kwenye vitabu. Alisoma kimoja mpaka sura ya mwisho, pale Sindano anapowakusanya wote sebuleni na kueleza nani, wapi na kwa nini. Zamani waliigombania sura hiyo. Sasa aliona anadanganywa mchana kweupe. Vyote akavipeleka wodini, wagonjwa wajisomee.

Mwaka huu alikwenda tena kituoni. Ofisa wa zamani alikuwa amehamishwa na jalada halikuonekana. Ofisa mpya alivuta karatasi tupu.

"Tuanze upya, mama. Marehemu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hajafa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa unyonge. "Fundi bomba."

Akaeleza yote, kwa mpangilio, saa kwa saa. Ofisa aliandika bila kuinua kichwa.

"Siku hiyo alivaa shati gani?"

"La bluu." Akamtafuta kaka yake kichwani, asubuhi ile alipopita mlangoni kwake kumuaga, akauona mkono, akauona mfuko. Shati halikuja. "Hapana, subiri. Labda la kijivu."

Ofisa alikuwa ameshaandika bluu. Alimgeuzia karatasi atie sahihi, naye akatia. Kisha akarudi hospitalini kuwahi zamu ya mchana. Mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yamerundikana mpaka dirishani, na mwenzake wa meza ya pili hakuja kazini.