Mpishi wa Ubalozi na Mafua ya Ndege

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kisauni, wenye mbawa na wasio nazo, kwamba ubalozi mdogo wa nchi moja ya baridi umejiandaa kwa mafua ya ndege. Barakoa zimejaa stoo, viatu vya mpira vimepangwa mlangoni, na kunguru wa uani hufukuzwa kila asubuhi kwa heshima zote za kidiplomasia. Aliyebaki bila kuandaliwa ni mpishi. Mama huyu huitika "abee" bila kugeuka, vidole vyake vimekolea manjano ya bizari, na hukuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi kama malkia aliyechoshwa na wageni. Leo kaja mkaguzi kutoka makao makuu. Mpishi akikosea jibu, balozi atarudishwa kwao kula viazi vya kuchemsha, naye kuku wa kupaka wa mama huyu ameshamteka roho. Balozi kajibanza nyuma ya friji, jasho linamtiririka, anamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Mama," mkaguzi akauliza kwa sauti ya matangani, "mlipuko ukitufikia, mkakati wa jikoni ni upi?"

Mpishi akaonja mchuzi, akaongeza chumvi.

"Tutakula samaki, mwanangu."