Saa Mbili Tulizozipandisha Vuria

Niliondoka Voi kwa ajili ya binti yangu Wakesho. Katikati ya miaka ya tisini alikuwa ameajiriwa na kambi moja ya wageni huko juu Taita, kazi yake kuwaongoza watu wanaopenda kupanda milima kwa miguu. Mwezi mmoja kabla ya safari hii, ukungu ulimkuta na wageni wake wakiteremka Vuria, mlima wetu mrefu kuliko yote. Akashika njia isiyo yake. Walitokea upande wa pili wa mlima giza limeingia, na mama mmoja ameteguka kifundo cha mguu. Mwenye kambi alimwambia waziwazi: Jumamosi atapewa kundi jingine, na akilipoteza hilo, asirudi kazini.

Siku alipoajiriwa, mimi ndiye niliyemwambia kwamba kazi ya kuzurura milimani haina mwisho mwema. Alipopotea sikumkumbusha maneno hayo, lakini aliyaona usoni mwangu. Kwa hivyo niliposikia kuna saa za mkononi zinazoonyesha umepanda mita ngapi kutoka usawa wa bahari, nilitaka kumnunulia moja. Ndani ya ukungu huoni kilele wala bonde. Lakini ramani ikikuambia njia panda iko mita kadhaa, nayo saa ikikuambia wewe uko mita ngapi, unajua kama umefika au bado.

Jumatano asubuhi mimi na Wakesho tulikuwa dukani kwa Swaleh, karibu na soko la Voi. Watu wa kwao walitoka pwani zamani, na mpaka leo hawezi kukuuzia hata sindano kabla hujaketi.

"Keti, mzee wangu. Saa haichaguliwi kwa kusimama," alisema, akatandika kitambaa mezani na kuweka saa mbili.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, nzito kama kufuli. Ilikuwa na kipimajoto, dira, kengele, na tarehe za miaka mingi mbele. Vitufe vyake vilizama ndani ya chuma, na ili ubadilishe namba ya kimo ulihitaji ncha ya kalamu na subira. Ya pili ilikuwa nyepesi, tarakimu zake kubwa, na vitufe vyake vimechomoza kama punje za mahindi. Hiyo haikuwa na mengi: wakati, kimo, basi.

"Inajuaje tuko juu?" nikamuuliza.

Swaleh akanionyesha kitundu kidogo ubavuni. "Humu ndimo inamonusia hewa. Ukipanda, hewa hupungua uzito, nayo hutambua."

"Kwa hivyo inapima hewa. Haipimi mlima."

"Ndivyo, mzee. Mlima wenyewe haiujui kabisa."

Jibu hilo lilinifurahisha nikacheka, wala sikulifikiria zaidi. Laiti ningelifikiria. Swaleh alitufungia zote mbili. "Nendeni nazo mkazijaribu. Itakayokushindeni mnirudishie, na salamu za huko baridini."

Kabla ya saa sita tulipitia stesheni. Ubao wa jina la stesheni ya Voi umeandikwa pia kimo cha mahali hapo, kwa futi, na mimi nilifanya kazi chini ya ubao huo miaka yangu yote ya reli. Wakesho akageuza futi kuwa mita kwenye kiganja chake kwa kalamu, tukaweka namba hiyo katika saa zote mbili. Mimi nikavaa ile nzito, yeye ile nyepesi.

Mchana tulipata lifti ya pikapu iliyokuwa imeshusha kabichi na sasa inarudi tupu. Hadi Mwatate namba zilipanda polepole, kama mtu anayehesabu huku anasinzia. Baada ya Mwatate barabara ilianza kujikunja, nazo saa zikaamka. Kila kona, mita kumi. Kona nyingine, kumi na tano. Masikio yangu yaliziba, yakazibuka. Nilikuwa nimepanda barabara ile mara nyingi tangu ujana, na sikuwahi kujua kwamba baadhi ya sehemu ninazodhani tunapanda, kwa kweli tunashuka kidogo. Nilimsomea dereva namba kwa sauti hadi akachoka.

"Mzee," akasema, "nikikosa kona hii, saa yako itahesabu haraka sana kuelekea chini."

Jioni tulifika Werugha kwa dada yangu Mkamburi, ambaye hajawahi kuniheshimu hata siku moja. Alinitazama mkono akasema, "Kaka, hiyo ni saa au umefungwa pingu?" Tulikula ugali na sukuma wiki karibu na moto. Wakesho alitandaza ramani yake ya wapima ardhi, akatafuta kanisa lililo jirani na nyumba, akasoma kimo chake. Saa zote mbili zilikuwa karibu sawa na ramani. Nililala nimeridhika.

Alhamisi alfajiri niliamka nikaangalia mkono wangu. Saa ilisema tumepanda zaidi ya mita ishirini. Nikaenda kuangalia ya Wakesho. Nayo ilisema vivyo hivyo.

"Mkamburi," nikaita, "nyumba yako imepanda mlima usiku."

"Haijapanda popote," akajibu kutoka jikoni. "Ingepanda, ningeisikia ikihema. Ni mvua inakuja. Hata goti langu limesema."

Wakesho akacheka, kisha akanieleza vizuri. Hewa hubadilika uzito hata ukiwa umekaa. Ikiwa nyepesi kwa sababu ya mvua, saa hudhani umepanda. Kwa hivyo kila ukifika mahali unapojua kimo chake, unairekebisha. Alibonyeza vitufe vyake mara mbili tatu, akairudisha kwenye namba ya ramani. "Lete na yako, Baba."

Nilikataa.

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiyekuwa wa reli ataniona mkaidi tu. Ofisini kwetu saa ya ukutani haikuguswa na mkono wa kila mtu. Treni mbili katika njia moja zinategemea saa moja. Karani aliyeisogeza kwa sababu "ameona" imechelewa alifukuzwa kazi, na tuliona amestahili. Nilifunzwa kwamba chombo cha kupimia kikianza kurekebishwarekebishwa, si chombo tena. Zaidi ya hayo, niliipenda ile nzito hasa kwa sababu ilikuwa ngumu kubadilishwa.

"Tuliiweka stesheni," nikamwambia. "Stesheni haijahama."

"Sawa, Baba," akasema, kwa ile sauti ya mtoto anayemwachia mzazi wake.

Asubuhi hiyo tulipanda Vuria. Njia ilipita kwenye mashamba ya ngazi, kisha msituni, ambako udongo ulikuwa mweusi na mawe yenye kuvu yaliteleza. Nilipumzika mara nyingi nikisingizia kusoma saa. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa baridi. Nilijaribu kuwasha taa ya ile nzito nikaamsha kengele badala yake, nayo ikalia msitu mzima ukasikia. Wakesho alibonyeza yake bila hata kuitazama.

Mchana tulifika kileleni, penye kigingi cha wapima ardhi. Ramani ina kimo cha kigingi hicho. Wakesho akarekebisha saa yake tena, kisha akaniinua mkono akasoma yangu.

"Baba, saa yako inasema tuko hewani. Mita arobaini juu ya mlima."

"Huenda ramani ndiyo imekosea."

"Wapima ardhi wote, Baba?"

"Walikuwa binadamu."

Tulipoanza kushuka, ukungu ukaja. Haukuja kama pazia. Kwanza miti ya mbali ilififia, kisha ya karibu, kisha nikawa naona mgongo wa Wakesho na buti zangu tu. Hapa ndipo alipopotelea na wageni. Njia ya kurudi Werugha huchepuka kulia, kichochoro chembamba kati ya majani, rahisi kukipita. Njia pana huendelea mbele hadi kwenye majabali yanayotazama Bura.

Akasimama. "Ni hapa. Namba imefika."

Nikaangalia yangu. "Bado. Tushuke kidogo zaidi."

"Baba, nimeirekebisha kileleni."

"Na mimi sijaichezea yangu tangu Voi. Nani mwenye saa ya kuaminika?"

Aliitazama saa yake tena. Nilijua kinachomrudisha nyuma: tangu alipopotea hakujiamini, nami ni baba yake. Nikampita, nikatangulia kwenye njia pana, naye akanifuata. Tulishuka hatua nyingi, saa yangu ikiteremka vizuri kuelekea namba ya njia panda. Nilikuwa nimeinamisha macho mkononi niliposikia ameshika koti langu kwa nyuma kwa nguvu zote.

"Simama!"

Upepo ulipasua ukungu kidogo. Mbele ya buti zangu palikuwa na jabali, nyasi chache, kisha nyanda za Bura, mbali sana chini, kama kitu kilichochorwa. Nilitazama saa. Ilikuwa imefika sawasawa kwenye namba ya njia panda.

Nikarudi nyuma, nikaketi. Baadaye nikamwambia, "Nimekosea, mama. Kama ungekuwa na wageni, na mimi ndiye kiongozi, ningewaua." Kisha nikamwambia neno ambalo lilipaswa kutangulia hata kabla hatujatoka Voi: "Wewe ndiye unayeijua njia. Tangulia."

Akatangulia. Alipanda hadi namba yake, akapapasa majani kwa fimbo, na kichochoro kikawapo. Kwa Mkamburi tulifika tumelowa chepechepe, tukatukanwa, tukapewa chai.

Ijumaa nilirudi Voi peke yangu, nikaenda moja kwa moja dukani. Swaleh alishangaa kuona ile nzito mezani.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haikubali kukosolewa upesi, na mimi pia. Milimani wawili wa namna hiyo ni wengi."

"Nawe tutakurudisha wapi, mzee wangu?" akasema, tukacheka.

Jumamosi ukungu ulikaa Vuria kutwa nzima. Sikulala mchana. Jioni kwenye simu ya stesheni, ambayo wale vijana wa zamu bado waliniruhusu kuitumia, niliisikia sauti ya Wakesho kutoka kambini, kwa mbali na kwa mikwaruzo. Wageni walikuwa wameketi mezani, wote, wakila. Mwenye kambi alikuwa amemuuliza kama Jumatatu atakuwa na nafasi.

Jirani zangu bado huniuliza saa ipi ni nzuri ya mlimani, wakitaka niwaambie ya bei gani, au inayozama majini kiasi gani. Mimi huwaambia: ivae, uache vidole vipate baridi, kisha jaribu kuisahihisha. Ikikushinda, irudishe dukani.