Sigara, Tumbo na Mguu Wangu wa Kulia

Assalaam aleikum nyote mnaosoma, na hasa wewe uliyeshika sigara sasa hivi. Usiizime kwa ajili yangu. Imalize, kisha unisikilize. Mimi ni Faki, mtu wa Wingwi, na mambo ya mwili wangu nitayasema wazi, kwa sababu kidonda changu nilikificha mpaka kikanuka.

Kazi yangu ilikuwa gari la ng'ombe. Nilibeba mawe, mchanga, makuti, magunia ya mihogo, chochote alichotaka mtu. Watu hudhani hiyo ni kazi ya nguvu. Mwenye kufanya nguvu ni ng'ombe. Mimi nilikaa juu, miguu inaning'inia, sigara mdomoni, na kabla hatujatoka kwenye njia za mashimo nilikuwa nimeshawasha nyingine. Nikirudi nyumbani nala wali wa nazi kwa samaki, nashushia chai ya maziwa na mkate, nalala. Tumbo likakua mpaka nikitazama chini sizioni ndara nilizovaa. Nikajiona bwana mwenye neema zake.

Maradhi yalianza kwenye shavu la mguu wa kulia. Nikienda msikitini, nyama ya nyuma ya mguu inabana kama imefungwa kamba. Nikisimama inaachia. Nikitembea inabana tena. Nilisema ni baridi. Jirani yangu Kombo akasema, "Yakhe, weye umekanyaga kitu. Kuna mtu kakutegea." Nikasomewa, nikakandwa mafuta, nikapewa maji ya kunywa. Na kila nikitoka kusomewa nawasha sigara nitulize moyo.

Kisha nikajikwaa kidole gumba kwenye gurudumu la gari. Kidonda kidogo tu, lakini hakikupona. Kikawa cheusi, kikatoa maji, kikaanza kunuka. Nikawa navaa soksi ndani ya nyumba, joto lote lile, ili mke wangu Mize asijue. Siku moja akanambia, "Faki, vua hiyo soksi. Chumba chote chanuka panya kafa." Nikavua. Akaziba mdomo kwa kanga, akatoka nje.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu. Aliubonyeza mguu juu na chini akitafuta mapigo ya damu. "Mzee Faki, mishipa imeziba. Mguu huu haupati damu ya kutosha. Unavuta sigara?"

"Kidogo," nikasema.

"Mwongo huyo," akasema Mize.

Daktari akapitisha kidole chake chini ya goti langu, taratibu, kutoka upande huu mpaka upande ule. "Kidole hiki lazima tukiondoe. Ukiendelea na sigara, na kwa uzito huu, tutarudi tukate hapa." Nikamwomba dawa. Akasema dawa atanipa, ila dawa yenyewe hasa ni kuacha sigara, kupunguza mwili na kutembea. Kidonda kikifunga nitembee mpaka mguu uanze kuuma, nisimame upoe, nitembee tena.

Kidole kikakatwa. Namjua mzee mmoja wa Msuka aliyeanza na kidole kama mimi, akafuatia mguu, kisha na wa pili. Kitandani pale nilimwaza yeye tu, alivyokuwa anabebwa kupelekwa chooni.

Nikaacha sigara. Choo kikagoma, makohozi yakatoka meusi, nikamtukana ng'ombe wa watu hana kosa lolote. Na kwa kuwa mdomo ulitaka kitu, nikaupa chakula. Nilipopandishwa kwenye mizani, nimezidi kuliko mwanzo. Daktari akanitazama. "Mzee, umetoka kwenye sigara ukahamia chunguni?" Niliona aibu nikataka kulia.

Kidonda kilipofunga nikaanza kutembea. Sasa kwetu mtu mzima hatembei bure. Anayepita haraka asubuhi, hana jembe wala kikapu, huyo analeta habari ya msiba. Siku ya kwanza tu, Bi Time, bibi wa nyumba ya mwisho kijijini, alinitokea mlangoni kwake kashika kichwa.

"Kafa nani?"

"Hakufa mtu, Bi Time. Natembea tu."

"Watembea tu wendapi? N'ambie, mie mtu mzima, n'tastahamili. Ni ndugu yangu wa Shumba?"

Akaangua kilio, majirani wakatoka, ikabidi nikae nimtulize. Siku ya pili nikashika kamba ya ng'ombe mkononi, nionekane nina shughuli. Kombo akadhani ng'ombe wangu kapotea. Akaita wenzake, wakaacha mashamba yao, wakamsaka ng'ombe aliyekuwa amefungwa nyuma ya nyumba yangu. Walipomkuta anakula majani hawakucheka. Mimi nikaacha kutembea.

Kisha ikaja harusi, Kombo akaninyooshea sigara kwa mapenzi yake, na mimi nikaipokea. Baada ya ile zikaja nyingine. Mguu ukaanza kuuma hata nimelala, na kidole cha pili kikageuka rangi. Nikamwambia Mize, "Bora nikatwe tu yaishe. Uza ng'ombe." Sikuwa natania. Moyo wangu ulikuwa umekufa kabla ya mguu.

Mize hakunibembeleza. "Mguu mmoja n'tauosha," akasema, "na chooni n'takupeleka. Lakini sigara sikuletei, na ukivuta humu ndani mie sikai." Zile zilizobaki akazitia motoni mbele yangu.

Habari zikaenea kwamba Faki anakatwa mguu, watu wakaja kunitazama. Mgonjwa hatazamwi mikono mitupu. Zikaja halua, mikate ya kumimina, ndizi, yote yale niliyokatazwa. Bi Time alipoinuka kwenda zake, Mize akasema, "Faki, msindikize mgeni."

"Na mguu huu?"

"Msindikize. Na mkate aliotuletea mchukulie, urudi kwake."

Nikamsindikiza. Bi Time hupita kila nyumba akaamkia, akauliza wajukuu, mmoja mmoja. Mguu ukibana mimi nimeshasimama, ukiachia yeye bado anauliza. Na hakuna aliyeniuliza kafa nani, maana anayesindikiza mgeni ana kazi yake. Tangu hapo kila aliyekuja kunitazama nilimfikisha mlangoni kwake, na halua yake wakala wajukuu wake. Mgeni mmoja wa Shumba nilimsindikiza mbali mpaka akaanza kuogopa kwamba nataka kulala kwake.

Hakukuwa na muujiza. Kwa muda mrefu mguu ulibana kwenye nyumba ile ile. Halafu ukabana nyumba ya mbele yake. Suruali zikaanza kunivuka. Kidole cha pili kiling'oka ukucha, kikabaki. Daktari akanibonyeza tena. "Mapigo yapo," akasema. "Dhaifu, lakini yapo." Nikamuuliza kama pale chini ya goti pameshasameheka. "Bado, mzee. Ukivuta tu, tunarudi pale pale."

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru hata walionijaza halua. Ukiona mguu unabana ukitembea na kuachia ukisimama, usikandwe, nenda hospitali. Ukipewa sigara kwa mapenzi, ikatae kwa mapenzi. Na ukikosa sababu ya kutembea, sindikiza mtu. Lakini sitakudanganya. Hamu haijaniondoka. Nikinusa moshi kwa mbali mate yananijaa, na zipo siku naona yote haya kazi bure, wataukata tu.

Kila asubuhi Mize huniweka kitini, akaukamata mguu, akautazama vidole, unyayo, kisigino. Mimi sithubutu kutazama. Namsubiri yeye aseme.

"Bado wetu," husema, na kunipa ndara zangu.